Nani Asimamishe Ngoma?

Mpanda ikipata jambo kubwa, jambo hilo huishia Kashaulili. Mikutano ya vyama, mahubiri ya wiki nzima, bonanza za vijana, sherehe za serikali, ngoma za Wasukuma mavuno yakishaingia ghalani: vyote vinagombea uwanja mmoja wa katikati ya mji, ndani ya kata yenye jina hilohilo. Mwaka 2017 mbio za Mwenge wa Uhuru zilizinduliwa hapa mkoani Katavi, heshima kubwa kwa mkoa uliokuwa na umri wa miaka 5 tu. Mwenye shughuli anajua pa kupita: manispaa kwa ajili ya uwanja, polisi kwa ajili ya usalama, afisa utamaduni au afisa michezo kutegemea anachokuja kukifanya. Maswali atakayoulizwa yanahusu umati. Mnaanza saa ngapi, mnafunga saa ngapi, mnatarajia watu wangapi, nani atasimama mlangoni. Ni nadra kusikia swali kuhusu yule mmoja ambaye umati wote umekuja kumtazama.

Simzungumzii mtoto. Mtoto ana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ana dawati lake polisi, ana mwalimu wa kumuulizia asipoonekana darasani. Namzungumzia mtu mzima, ambaye kila mtu anachukulia kwamba ana akili zake na miguu yake, lakini hali aliyomo imemnyang'anya uwezo wa kusema leo sitaki. Bondia aliyezimika ulingoni wiki sita zilizopita na mwenye nyumba anagonga mlango. Mama wa makamo anayecheza na nyoka kwa posho. Kijana mwenye ulemavu wa akili ambaye kila mechi ya mtaani huvalishwa jezi, akanyweshwa, akasukumwa uwanjani wakati wa mapumziko akate mauno, watu wavunjike mbavu. Huyo wa mwisho yupo karibu kila mji wa Tanzania. Watu wanampenda kwelikweli. Wanamnunulia soda, wamempa jina la mchezaji maarufu, na filimbi ya mwisho ikilia hakuna anayejua analala wapi.

Ulemavu peke yake haumfanyi mtu kuwa mnyonge, na hapa waandishi wengi huteleza. Haji Manara, mwenye ualbino, alikuwa msemaji wa Simba, kisha mwaka 2021 akahamia Yanga, na mwaka 2022 vyombo vya TFF vikamfungia miaka 2. Iwe alionewa au la, ile ilikuwa adhabu ya mtu mwenye nguvu. Unyonge ninaousema unatokana na mahali mtu aliposimama: nani anamlisha, nani anamlaza, nani anashika pesa yake, na akikataa kitamkuta nini. Kwa hiyo nimezitazama tamaduni kadhaa za watu wanaoburudisha wengine kwa miili yao, nikiziuliza swali moja tu. Nani ana haki ya kusimamisha onyesho, na akilisimamisha anapoteza nini?

Tuanze na za hapa. Wasukuma si wenyeji wa asili wa Katavi. Hapa ni kwa Wapimbwe, Wabende na Wakonongo. Wasukuma waliletwa na ng'ombe na jembe. Kwa miongo kadhaa familia za Shinyanga na Mwanza zimekuwa zikishuka kupitia Tabora kutafuta malisho na ardhi, na wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 nao waliwekwa Katumba na Mishamo, wengi wao baadaye wakapewa uraia. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604 katika mkoa huu. Ile ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Umati wa Kashaulili umezidi maradufu ndani ya miaka 10, na sehemu kubwa ya umati huo ina ngoma ya Kisukuma masikioni.

Ngoma zenyewe ni za ushindani. Pande ni mbili, Bagika na Bagalu, na simulizi za Usukumani zinazirudisha kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliogombea ni dawa ya nani iliyo kali zaidi. Mashindano hayana majaji wa kuinua kadi. Pande zote mbili zinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu. Umati ukihama, umeshindwa, hata kama miguu yako ilikuwa mizuri kuliko ya wenzako. Ndiyo maana kila upande hutafuta kioja cha kuwashika watu wasihame, na kioja kikubwa kuliko vyote ni nyoka. Pale Bujora, Kisesa, ambako Padre David Clement aliziingiza ngoma hizi kwenye sikukuu ya Bulabo kila Juni, chatu shingoni mwa mchezaji ndiyo picha ambayo kila mgeni anakimbilia kuipiga.

Mtu wa bima angekimbia. Nyoka, jua, pombe, ushindani, umati usio na uzio. Lakini tazama walivyojipanga. Wacheza nyoka ni chama, Bayeye, na mtu haingii leo akashika nyoka leo. Anafundishwa, anachanjwa chale, anapakwa lukago, dawa ya kinga, na chama hichohicho ndicho kilichokuwa kikiwatibu walioumwa na nyoka vijijini. Nguvu ya dawa ile na ipimwe na wenye maabara. Mimi ninachokitazama ni utaratibu: asiyechanjwa hashiki nyoka, na anayejua nani amechanjwa ni wakubwa wa chama. Umati hauulizwi. Umati ukipiga kelele "mpe na yule!", yule hapewi.

Jambo la pili halionekani uwanjani, nami naliona kubwa kuliko la kwanza. Mcheza ngoma wa Kisukuma ni mkulima. Msimu wa ngoma unakuja baada ya mavuno, nyumbani kukiwa na kitu. Kundi linalocheza wakati wa kiangazi ndilo lililolima pamoja masika. Bugobogobo yenyewe ni ngoma ya jembe, majembe yanarushwa juu na kudakwa kwa mapigo. Kiongozi wa vijana, nsumba ntale, ndiye aliyekuwa akiwakusanya kwa kazi. Sasa mtu wa namna hiyo akisema mgongo unaniuma, leo sichezi, atataniwa, pengine ataimbwa vibaya, lakini jioni atakula. Kukataa hakumgharimu chakula. Sijaona sera ya ulinzi iliyoandikwa na kampuni yoyote inayoizidi hiyo kwa nguvu, na wala haikuandikwa.

Nisiipambe mno. Manju, mtunzi na kiongozi wa ngoma, jina lake hukua kila umati unapohamia upande wake, na mwamba ngoma huivutia ngozi kwake. Manju mwenye njaa ya sifa anaweza kumsukuma mchezaji hadi mwisho wa pumzi. Kilichokuwa kikimbana ni kwamba ngoma si mali yake. Kuna wazee, kuna chama, kuna ukoo wa mchezaji wenye mdomo. Siku hizi mambo yamegeuka kimyakimya. Kikundi kinaitwa kwenye mkutano kwa posho, kinapakiwa kwenye Canter alfajiri, na bahasha inapokelewa na mtu mmoja nyuma ya jukwaa. Waliocheza saa tatu wakimsubiri mgeni rasmi wanacheza tena saa sita kwa sababu mgeni rasmi amechelewa, na tena saa nane kwa sababu sasa ndiyo amefika. Bibi wa miaka sitini na ushee yumo kwenye mstari, kapaka unga usoni, kiatu kimoja kimemwacha. Nani amwambie kapumzike? Mwenye bahasha anaogopa kutoitwa tena. Hapo chama kimekuwa kampuni bila mtu kutangaza.

Marekani kampuni ilitangaza. Mieleka ya televisheni, ile inayotazamwa kwenye vibanda umiza vya kwetu kwa macho ya kumezea mate, haikuteleza kwa bahati mbaya kutoka michezoni kwenda kwenye burudani. Ilikwenda kwa miguu yake. Mwaka 1989 kampuni ambayo leo ni WWE ilieleza mbele ya baraza la seneti la jimbo la New Jersey kwamba mapambano yake ni maonyesho, washindi wanajulikana kabla. Mashabiki waliona siri imefichuka. Kilichokuwa mezani kilikuwa kikavu zaidi: kodi, leseni na usimamizi. Mchezo ulikuwa chini ya kamisheni ya jimbo, pamoja na upimaji wa afya ya wapiganaji kabla ya kupanda ulingoni. Burudani haikuhitaji hayo. Na wanamieleka wenyewe kampuni iliwahesabu kuwa wakandarasi wa kujitegemea, si waajiriwa. Hivyo mtu anayetupwa mgongo chini usiku baada ya usiku alibaki katikati: si mwanamichezo wa kupimwa na kamisheni, si mfanyakazi wa kukatiwa bima na mwajiri.

Gharama yake ilionekana hadharani. Tarehe 23 Mei 1999, Kansas City, Owen Hart alikuwa ashushwe kwa kamba kutoka darini hadi ulingoni, akiwa amevaa vazi la shujaa wa kuchekesha. Kifungo kiliachia. Alianguka mbele ya maelfu ya watu na kufariki dunia, umri miaka 34. Onyesho likaendelea. Mapambano yaliyobaki yalipiganwa juu ya ulingo uleule, na wenzake wakapanda mmoja baada ya mwingine kwa sababu zamu yao imefika. Familia ilikwenda mahakamani, na mwaka 2000 kesi ikaisha kwa makubaliano ya dola milioni 18. Usiku ule mwenye haki ya kusimamisha alikuwepo jengoni, lakini ndiye aliyekuwa ameuza tiketi na muda wa televisheni.

Baadaye kampuni ilijifunza, na haki yake ipewe. Eddie Guerrero alipofariki Novemba 2005 kwa ugonjwa wa moyo, mpango wa afya ulianzishwa Februari 2006, wa kupima dawa zilizokatazwa na kukagua moyo. Juni 2007 Chris Benoit alimuua mkewe na mtoto wao wa kiume, kisha akajiua. Wataalamu waliochunguza ubongo wake walisema umeharibika kama wa mzee wa miaka 85 mwenye ugonjwa wa kusahau. Mwaka huohuo kampuni ikaanza kuwalipia matibabu ya uraibu wanamieleka wake wa zamani, hata walioondoka kwa ugomvi. Wapo waliotamka hadharani kwamba msaada huo umewafufua. Lakini ulinzi wote ulikuwa ndani ya nyumba moja. Januari 2024 aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni, Janel Grant, alimfungulia Vince McMahon kesi ya unyanyasaji wa kingono. McMahon aliyakana madai hayo, akajiuzulu. Hata kabla mahakama haijasema neno, kesi ile imeacha swali linaloning'inia: mfanyakazi wa kampuni ya namna hiyo anamlalamikia nani, ikiwa anayelalamikiwa ndiye aliyeijenga?

Waingereza walilikuta swali hilohilo wakiwa na sheria nzuri mkononi. England ina Sheria ya Matunzo ya mwaka 2014 inayomtambua mtu mzima aliye hatarini na kuipa halmashauri wajibu wa kuuliza, na vyama vingi vya michezo vina afisa wa ustawi kwenye klabu. Juni 2020 wanamieleka, wengi wao wanawake, walianza kusema waliyofanyiwa kwenye shule na kumbi za mieleka. Kundi la wabunge wa vyama vyote likachunguza, na ripoti yake ya mwaka 2021 ikaona kitu ambacho afisa yeyote wa manispaa ya kwetu angekielewa mara moja: mieleka haikuwa michezo kwa watu wa michezo, wala sanaa kwa watu wa sanaa, hivyo kila ofisi iliiona ni ya jirani.

Japani sumo haina shida ya kutojulikana ni ya nani. Ni mchezo, ni ibada, ni taifa. Mcheza sumo anaingia kambi moja akiwa kijana, analala humo, anapika humo, anafunzwa nidhamu humo chini ya bwana mmoja, na kwa kawaida hawezi kuhamia kambi nyingine hadi atakapostaafu. Ulezi kamili, tungesema. Mtu ana baba, ana kaka, ana chungu cha chakula kisichokauka. Juni 2007, kambi ya Tokitsukaze, kijana wa miaka 17 aliyetaka kutoroka alipigwa mpaka akafa kwa amri ya bwana wa kambi, na bwana huyo mwaka 2009 akahukumiwa miaka 6 jela, rufaa ikapunguza ikawa 5. Mwaka 2017 Harumafuji, aliyekuwa na cheo cha juu kuliko vyote, alistaafu baada ya kumpiga mwenzake kwenye baa. Chama cha sumo kimeunda kamati na kutoa adhabu, lakini hatua iliyonigusa ni ya mwaka 2024: kambi ya Miyagino, iliyokuwa chini ya bingwa mkubwa Hakuho, ilifungwa baada ya mmoja wa wachezaji wake kuwapiga wadogo zake, na wachezaji wote wakahamishiwa kambi nyingine. Tafsiri yake ni kwamba mlango wa kuhama upo, ila ufunguo anao mtu wa nje, na unafunguliwa watu wakishaumia.

Nikiwatazama vijana wa Mukono, nje kidogo ya Kampala, nawaza kambi hizo. Daniel Bumba, anayejulikana kama Bumbash, ameanzisha mieleka ya matope: ulingo wa miti ya mianzi, udongo laini uliomwagiwa maji, vijana wa kike na wa kiume wanaorushana mithili ya wale wa televisheni, na video zinazotazamwa dunia nzima. Wengi wa vijana hao wametoka kwenye maisha magumu, wapo yatima, wapo waliolala mitaani. Kundi limewapa mahali na jina. Ni kazi inayostahili heshima, na matope ni busara ya mtu asiye na pesa ya godoro. Ninachosema si lawama kwa Bumba bali ni hesabu inayomkabili mtu yeyote mwema aliye katika nafasi yake. Kitanda, chakula, ulingo na simu ya kurekodia vikiwa mkononi mwa mtu mmoja, kijana mwenye kizunguzungu atamwambia nani kwamba leo hawezi? Bwana wa kambi ya sumo naye hakuanza kazi akiwa mkatili.

Zanzibar kuna dokezo dogo. Kwenye Mwaka Kogwa, Makunduchi, kila Julai wanaume hupigana waziwazi kumaliza vinyongo vya mwaka, na wanapigana kwa mabua ya migomba. Bua likipiga linavunjika. Hakuna anayetakiwa kuwa jasiri wa kusimamisha pambano, kwa kuwa silaha inajisimamisha.

Ngumi hazina bua la mgomba. Desemba 2024 bondia Hassan Mgaya alifariki dunia Dar es Salaam muda mfupi baada ya kupigwa kwa KO. Tanzania ina kamisheni ya kusimamia ngumi za kulipwa, chini ya mwavuli wa Baraza la Michezo la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na utaratibu unajulikana: kupima uzito, kupima afya, daktari kando ya ulingo, refa mwenye mamlaka, kona yenye taulo. Katika tamaduni zote nilizozitaja, ngumi ndizo zenye watu wengi zaidi walioruhusiwa kusimamisha. Refa anaweza. Daktari anaweza. Kocha anaweza kurusha taulo. Bondia mwenyewe anaweza kugeuza mgongo. Hebu sasa tuwapitie mmoja mmoja kwenye pambano la mkoani. Daktari analipwa na promota. Refa ameletwa na promota, nauli imetoka kwake. Kocha ana asilimia yake kwenye pesa ya bondia, na bondia akigeuza mgongo raundi ya pili jina lake litaimbwa kwenye kila kijiwe cha bodaboda. Haki nne za kusimamisha, na zote zinakunywa kisima kimoja. Siwatuhumu watu hao. Marefa wengi hukatisha pambano mapema na kuzomewa kwa ajili hiyo. Nasema tunawaomba wawe mashujaa kila wiki kwa kazi ambayo ingepaswa kuwa ya kawaida.

Na umati tusiuache. Magharibi mwa nchi yetu, Katavi, Rukwa na Kigoma, kuna tamasha jingine ambalo halikatiwi tiketi. Kamchape, wengine wanaita lambalamba: watu wanaodai kuufichua uchawi wanaitwa kijijini, wanakijiji wanachangishwa, nyumba zinaingiwa, vibuyu vinatolewa nje, na mtu, mara nyingi mwenye umri mkubwa na jamaa wachache, anawekwa katikati. Mwanaanthropolojia Roy Willis aliiandika Kamcape ya Ufipa mwaka 1968, kwa hiyo hatuwezi kusema ni uzushi wa vijana wa leo. Serikali huzuia, watu hukamatwa, kisha inarudi. Najua si mchezo. Nimeileta kwa sababu waliozunguka pale ndio haohao wanaozunguka uwanja Jumamosi: watoto mabegani, wauza karanga, vicheko mtu anapotetemeka. Anayeongoza shughuli analipwa ikiendelea, na harudishi senti ikikatishwa. Kinachotofautisha kijana aliyenyweshwa kwenye mapumziko ya mechi na bibi aliyewekwa katikati ni kiasi cha madhara. Mpangilio wa watu ni uleule.

Turudi manispaa. Kwenye halmashauri zetu afisa utamaduni na afisa michezo wanakaa kitengo kimoja, na afisa ustawi wa jamii yuko kwingine, na meza yake imejaa: matunzo ya watoto, ndoa zinazovunjika, wazee wa msamaha wa matibabu, mtu aliyeokotwa stendi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamhusu, anaijua. Kibali cha pambano au cha tamasha hakipiti kwake. Tungeanza hapo, kwa kumpa nakala. Si kwa ajili ya kuzuia shughuli, maana Mpanda inahitaji shughuli, bali ili siku hiyo awepo mtu mmoja uwanjani ambaye mshahara wake hautokani na mlango, mwenye ruhusa iliyoandikwa ya kwenda kwa refa au kwa mshereheshaji na kusema huyu inatosha.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa mtu tunayemlinda, na lina uzito. Mtu mzima si mtoto. Yule mama wa nyoka atakuuliza wewe ni nani wa kumchagulia, na yuko sahihi. Sheria ya Matunzo ya England nayo inataka mtu aulizwe kwanza anataka nini. Bondia atasema amekubali hatari kwa saini yake. Kwa hiyo siamini ulinzi unaoanza kwa kumkataza mtu. Naamini ulinzi unaompunguzia bei ya kukataa, kama ghala lilivyompunguzia mcheza ngoma. Mtu aliyezimika ulingoni duniani kote huambiwa apumzike, mara nyingi siku 60 au zaidi, na ukimwambia hivyo kijana wa Kashaulili asiye na shamba umemwambia afe njaa kwa mujibu wa kanuni. Atapanda basi la Sumbawanga au la Tabora, ambako hakuna aliyemwona akianguka.

Basi itengwe shilingi kwenye kila tiketi, ikae kwa mtu asiyeuza tiketi, imlipe aliyesimamishwa kwa kila wiki anayokaa nje. Mapromota wa mikoani watasema mlango hauwezi kubeba makato zaidi: kuna ukumbi, kuna matangazo, kuna ushuru, na wadhamini hawafiki Mpanda. Wanasema kweli kuhusu mlango. Lakini pambano ambalo mapato yake hayatoshi kumlisha aliyeanguka kwa miezi miwili halina mapato ya kutosha kuwa pambano, na promota anayeandaa matano kwa mwaka anaweza kuandaa matatu.